Corolla KE70 sailensi imepanda haishuki: tafuta hewa kwanza, skurubu baadaye

Swali nililoletewa ni hili (sailensi ni mzunguko wa injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta): "Shikamoo fundi. Nina Corolla KE70 ya 1982, injini 4K, gia za kawaida, choki ya kuvuta kwa mkono, niliachiwa na mzee, niko Tanga. Asubuhi ikiwa baridi inawaka vizuri na sailensi imetulia, ila ikishapata moto inapanda yenyewe, fundi alipima akapata kama mizunguko 1800 kwa dakika. Ameifungua skurubu ya sailensi yote mpaka haigusi kitu na bado iko juu. Nikipiga resi inachelewa kushuka, ila nikiweka gia nikaachia klachi kidogo inashuka na inakaa chini kwa muda, halafu inapanda tena. Fundi anasema kabureta imekufa ninunue nyingine. Ninunue?"

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kuitunza gari ya mzee, hizo KE70 zimebaki chache na ikiwa mikononi mwa mtu anayeijali inadumu. Nakujibu moja kwa moja: usinunue kabureta, angalau sio sasa hivi. Kwa ulivyoelezea naona kuna hewa inaingia kwenye injini mahali ambapo haitakiwi kuingia, na juu ya hapo inawezekana kabisa distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, nayo ina vile vyuma vya ndani vinachelewa kurudi, na hivyo vyote viwili ukifunga kabureta mpya vitabaki palepale, utakuwa umetoa hela na gari inanguruma vilevile.

Ngoja nikueleze kwanza jambo moja ambalo ukilishika mengine yote utayatafuta mwenyewe. Sisi tunasema "kanyaga mafuta" lakini ile pedali haigusi mafuta kabisa, pedali inavuta kebo, kebo inafungua bati la duara lililoko chini ya kabureta, wenyewe tunaliita batafulai, na likifunguka kinachoingia ni hewa, sasa ile hewa ikipita kwa kasi kwenye koo la kabureta ndio inanyonya petroli na kwenda nayo. Kwa hiyo unakanyaga hewa, mafuta yanafuata. Ukiona injini iko 1800 na mguu haupo kwenye pedali, ujue kuna hewa ya 1800 inaingia, hakuna namna nyingine, injini haiwezi kuzunguka haraka hivyo bila kupata hewa ya kutosha. Kitu pekee kinachoweza kuipandisha bila kuongeza hewa ni moto wa plagi kupigwa mapema zaidi ya inavyotakiwa, yaani taimingi, maana hapo hewa ni ileile ila nguvu inayotoka ni kubwa zaidi. Basi maswali yako ni matatu tu: je batafulai inafunga mpaka mwisho? Je kuna hewa inapita chini ya batafulai, pembeni? Je taimingi imekaa sawa?

Sasa turudi kwenye maelezo yako maana umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoniuliza. Fundi ameilegeza skurubu ya sailensi yote hadi haigusi. Ile skurubu kazi yake ni moja, kuzuia batafulai isifunge kabisa, kuiacha na upenyo mwembamba sana ili injini ipate hewa ya kupumulia gari ikiwa imesimama. Ukiitoa yote na gari iko sawa, injini inatakiwa kuzima, au ibaki inahangaika. Yako haikuzima, iko 1800. Maana yake aidha kuna kitu kingine kinaishikilia batafulai wazi, au batafulai imefunga na hewa inatoka kwingine. Hapo ndipo fundi alitakiwa kusimama na kujiuliza, badala ya kuhamia kwenye kabureta mpya.

La pili ni hilo la baridi na moto. Asubuhi unavuta choki, choki inabana hewa ya juu na mafuta yanakuwa mengi, kwa hiyo hata kama kuna hewa ya wizi inaingia chini haionekani, mafuta mengi yanaifunika. Ukirudisha choki gari ikapata moto, ule mchanganyiko unakuwa mwembamba, na vyuma navyo vinatanuka, gasketi iliyochoka inaachia, hewa ya wizi inajitokeza. Hii ya baridi iko sawa moto inapanda mimi kwangu mara nyingi imeishia kwenye kitako cha kabureta au kwenye gasketi ya manifoldi, yaani yale mabomba yanayopeleka hewa kwenye injini.

La tatu, ukiachia klachi kidogo inashuka na inakaa chini. Hili nalirudia baadaye kwenye distribyuta, ni dalili nzuri sana hiyo.

Haya, kazi yenyewe. Utahitaji bisibisi, spana za 10 na 12, plaizi, tochi, chupa ya kupulizia maji kama ile ya saluni, na kipande cha ubao laini ukubwa wa kiganja. Mtu mmoja wa kukusaidia kukanyaga pedali. Usiguse skurubu yoyote ya kabureta kwa sasa, iache ilivyo.

Injini ikiwa imezimwa toa lile kopo la eakilina, la kuchujia hewa, ili uone koo la kabureta. Mwambie mwenzako akanyage pedali taratibu hadi mwisho aachie, wewe tazama mkono wa kabureta, ule unaovutwa na kebo. Unarudi wenyewe kwa kishindo kidogo, au unarudi kwa uvivu? Sasa washa gari, iache ipate moto, sailensi ikishapanda uusukume ule mkono kwa kidole kuelekea upande wa kufunga. Kama resi inashuka umeshapata jibu, kuna kitu kinaishikilia batafulai, na hapo fuata kebo. Toa kebo kwenye kabureta kabisa, kama sailensi inashuka basi kebo imebana, au imekatika nyuzi za ndani zinakwama, au mtu aliikaza sana bila kuacha ule ulegevu wa milimita chache. Angalia springi ya kurudishia, na hapa naomba uwe makini, nimekuta gari nyingi springi ya asili imepotea na imewekwa ya kuokoteza, mara ya breki shuu, mara ya kiti, inavuta lakini haivuti kwa kona inayotakiwa. Hiyo sio ya sailensi tu, siku kebo ikikwama uko barabarani resi iko juu na mbele kuna lori, hapo sio habari ya mafuta kuliwa tena. Kama kebo imeanza kukatika nyuzi gari isitoke nyumbani mpaka uibadilishe.

Bado tuko kwenye mkono wa kabureta. Tazama upande wa choki. Kuna kikamu kidogo kimeunganishwa na choki ambacho ukivuta choki kinaisukuma batafulai ifunguke kidogo ili injini baridi isizime. Hicho kina skurubu yake ya pili, tofauti na ile ya sailensi, na mafundi wengi wanaisahau. Sukuma choki ndani hadi mwisho kisha ukaangalie kwa macho, bati la juu la choki limesimama wima kabisa? Kile kikamu kimeachia au bado kimegusa? Kebo ya choki ikiwa imekaa vibaya kwenye klipu yake unasukuma kitufe hadi mwisho huku ndani bado choki imebaki robo, na sailensi inabaki juu siku nzima. Kuirekebisha ni kulegeza klipu moja tu.

(Kwa mwenye gari ya choki ya kujiendesha yenyewe kwa joto la maji, hapo mambo ni tofauti kidogo. Ile choki inategemea maji ya moto ya injini ili ifunguke. Rejeta ikiwa imepungukiwa maji, au thamostati ilitolewa na fundi kwa kisingizio cha "huku kwetu joto haihitajiki", maji hayafiki joto lake na choki haifunguki kabisa, sailensi inabaki ya asubuhi hadi jioni. Rudisha thamostati. Gari haikuwekewa pambo.)

Tukiwa hapohapo kwenye koo, mulika tochi ndani injini ikiwa imezimwa. Kabureta ya 4K ni ya matundu mawili, moja linafanya kazi muda wote na la pili linafunguka ukikanyaga sana. Kila tundu lina batafulai yake. Hili la pili linasahaulika sana kwa sababu halina skurubu ya sailensi, sasa likijaa mkaa na ule utando wa petroli iliyokauka linaweza kubaki wazi upana wa unywele na huo unatosha kukupandishia resi. Litie dawa ya kusafishia kabureta, lifungue na kulifunga kwa kidole mara kadhaa mpaka liwe laini. Na kama kabureta ilishawahi kufunguliwa yote, kuna uwezekano bati lilirudishwa limekaa upande, halikukaa katikati ya tundu. Ukiitoa kabureta ielekeze kwenye mwanga uangalie, mwanga ukipita upande mmoja mwingi kuliko mwingine basi zile skurubu mbili ndogo zinatakiwa kulegezwa, bati lijipange lenyewe kwa kulifunga, kisha zikazwe na kufungwa zisilegee. Fanya hivyo kabureta ikiwa mezani, skurubu moja ikidondokea ndani ya injini umeshaingia kwenye hasara ya kichwa na pistoni.

Tuseme yote hayo yako sawa, mkono umerudi mwisho, choki imefunguka, ukiusukuma kwa kidole resi haishuki. Sasa chukua kile kipande cha ubao. Gari inanguruma, sailensi iko juu, ziba koo la kabureta kwa ubao taratibu, usitumie kiganja maana ikirudisha moto utaungua. Injini ikizima haraka baada ya kuziba, hewa yake yote ilikuwa inapita juu kwenye koo, rudi kwenye batafulai kuna kitu umekiruka. Injini ikiendelea kunguruma, au kwanza ikawa laini zaidi kabla ya kuanza kulemewa, basi umeziba mlango na bado inapumua, kuna dirisha wazi mahali. Kwa hali yako naamini hii ya pili ndio utaiona.

Dirisha tunalitafuta hivi. Anza na mipira ya vakyumu, ile inayopitisha mvuto wa hewa wa injini, maana ni rahisi. Mmoja mmoja, ubane kwa plaizi taratibu bila kuukata, usikilize. Ule mnene unaokwenda kwenye busta ya breki ubane wa kwanza. Resi ikishuka ulipoubana basi busta inavuja ndani au mpira wake umepasuka, na hapo breki zako nazo haziko salama. Kuna kipimo kingine cha busta hakihitaji kifaa: gari imezimwa, kanyaga breki mara nne tano mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie chini kwa mguu, washa gari, pedali inatakiwa izame kidogo yenyewe. Isipozama, au ukisikia upepo unavuma karibu na miguu, busta imechoka.

Halafu bana ule mpira unaotoka kwenye kifuniko cha vali kuja kwenye manifoldi, wa kuvuta moshi wa injini. Huu resi ikishuka kidogo ni kawaida, ndivyo ilivyo. Ikishuka sana basi ile vali yake ndogo imekwama wazi, itoe uitikise, inatakiwa ipige kelele ya kitu kinachocheza ndani. Isipocheza ioshe au badilisha. Vali ya gari nyingine inaweza kuingia palepale vizuri tu lakini inapitisha hewa nyingi kuliko ya kwako, usidanganyike kwa sababu imeenea.

Kuna vile vikofia vya mpira vinavyoziba vijitundu visivyotumika kwenye manifoldi na kabureta. Kwa joto la kwetu na miaka arobaini na kitu, vinapasuka kwa chini ambako huoni. Vipapase kwa kidole mgongoni mwake. Kuna mzee mmoja aliniletea LiteAce ya 5K, ndugu ya injini yako, alikuwa ameshabadilisha kabureta mara mbili kwa shida hiihii, tena ya pili mpya kabisa ndani ya boksi. Tulikuta kikofia kimoja nyuma ya manifoldi hakipo kabisa. Kipande cha mpira. Iliniuma sana kwa sababu ile hela alikuwa ameitoa kwenye biashara yake ya kubeba abiria, na aliyemshauri hakuwa ametumia hata dakika tano kutazama.

Baada ya mipira tunakwenda kwenye kitako cha kabureta na manifoldi, na hapa ndipo nategemea utakuta tatizo. Katikati ya kabureta na manifoldi kuna kile kipande kinene cheusi cha kuzuia joto lisipande kwenye kabureta, na gasketi juu na chini yake. Kinapasuka, na kitako chenyewe kinajikunja kama mtu alikaza nati upande mmoja kwanza kwa nguvu zote. Halafu 4K ina tabia yake, manifoldi ya kuingiza na ya kutoa moshi ziko upande mmoja, zimefungwa pamoja, zinatumia gasketi moja. Ya moshi inapata moto mkali, inatanuka na kurudi kila siku, ya kuingiza inavutwa nayo, taratibu nati zinalegea na gasketi inachoka.

Mafundi wengi hapa wanapuliza petroli au dawa ya kabureta kuzunguka kitako wasikilize resi ikibadilika. Kwenye injini yako nakukataza. Manifoldi ya moshi iko chini ya kabureta hapohapo, petroli ikidondokea pale ikiwa ya moto inawaka, na mbele yake una bomba la mafuta. Tumia maji yenye sabuni kidogo kwenye chupa ya kupulizia, tone dogo dogo kama ukungu, pale kwenye kitako na pale manifoldi inapokutana na kichwa cha injini. Maji yanaziba ule upenyo kwa sekunde chache, utasikia resi inabadilika, inayumba au inashuka, na wakati mwingine utasikia kabisa yananyonywa, fyuu. Usimwage maji mengi, chuma cha moto kikimwagiwa maji ghafla kinaweza kupasuka, na usilowanishe distribyuta maana utaleta misi, yaani plagi kukosa moto, halafu utachanganyikiwa ni ipi kati ya mbili.

Ukipakuta, kabla ya kununua chochote jaribu kukaza. Injini ikiwa baridi kabisa, nati nne za kitako, kaza moja kidogo hamia ya pembeni mwake kwa mshazari, zunguka hivyo mara mbili tatu, kwa nguvu ya kiasi, na zile za manifoldi vilevile anzia katikati kwenda nje. Mara nyingi sailensi inashuka hapohapo. Isiposhuka, nunua gasketi na kile kipande cha kuzuia joto, Kariakoo, Dar es Salaam, kule eneo la Gerezani vya injini za K bado vinapatikana, nenda na cha zamani mkononi ulinganishe matundu. Kabureta ikishatoka weka rula ya chuma kwenye kitako chake, ukiona mwanga chini ya rula kimejikunja, kisuguliwe kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka kinyooke. Na tafadhali usikubali mtu akuwekee silikoni pale. Silikoni ya kawaida petroli inailainisha, inavimba, vipande vinanyonywa ndani, na baada ya miezi michache uko palepale pamoja na uchafu mpya.

Kuna uvujaji mmoja ambao kweli ni wa kabureta yenyewe. Shika ule ufito unaobeba batafulai uujaribu kuupandisha na kuushusha, sio kuuzungusha. Ukicheza waziwazi, tundu lake kwenye mwili wa kabureta limelika likawa yai na hewa inapita hapo. Pulizia ukungu wa maji pale vilevile. Hata hii sio lazima ununue kabureta, fundi mzuri wa kukereza chuma anatoboa na kuweka bushi ndogo za shaba na inakaa miaka. Mimi napendelea kabureta ya asili iliyowekewa bushi kuliko zile mpya za bei nafuu, nyingi nilizofunga jeti zake, vile vijitundu vya kupimia mafuta, hazikulingana na injini na mteja alirudi analalamika gari inakula mafuta.

Sasa distribyuta na ile klachi yako. Ndani ya distribyuta kuna vyuma viwili vidogo vyenye springi, injini ikizunguka haraka vinatanuka kwa mzunguko na kusogeza taimingi mbele, ikishuka springi zinavirudisha. Vinatakiwa viwe vimelala injini ikiwa kwenye sailensi ya kawaida. Sasa kama hewa ya wizi imeipandisha injini yako juu kidogo, vyuma vinaanza kufunguka, taimingi inakwenda mbele, taimingi ikienda mbele resi inapanda zaidi, vyuma vinafunguka zaidi, yaani vinabebana, na ndio maana haikai 1100, inakwenda hadi 1800. Ukiachia klachi unaielemea injini, resi inashuka chini ya pale vyuma vinapofunguka, vinalala, na injini inabaki chini mpaka kitu kingine kiinyanyue. Umeona? Kwa hiyo hewa ni chanzo na distribyuta inakuza. Na kama springi zake zimechoka au mafuta yamekauka vyuma vinakwama vikiwa wazi, inakuwa mbaya zaidi. Toa kofia ya distribyuta, shika rota uizungushe kwa mkono kuelekea upande inaozungukia, iachie. Inatakiwa irudi yenyewe haraka. Ikirudi kwa kujivuta, fungua, safisha, tia mafuta mepesi tone moja moja.

Angalia pia ule mpira mwembamba wa vakyumu unaokwenda kwenye distribyuta umechomekwa wapi. Tundu lake liko kwenye kabureta juu kidogo ya batafulai, ili kwenye sailensi usivute kitu. Kama siku moja mtu alitoa mipira akaurudisha kwenye manifoldi moja kwa moja, unavuta muda wote na taimingi iko mbele muda wote. Jaribio dogo, uchomoe kwenye distribyuta uzibe kwa kidole, resi ikishuka sana jua umechomekwa pabaya au batafulai iko wazi kupita kiasi. Na kama distribyuta yako bado ni ya platini, vile vibati vya ndani vinavyogusana na kuachana ili kupiga moto, pengo lake liwe milimita 0.45, pengo likiwa kubwa platini inafunguka mapema na taimingi inasogea mbele bila mtu kugusa distribyuta.

Ukishapata chanzo ukakirekebisha, gari itazima kwenye sailensi, usishtuke, ni kwa sababu fundi aliitoa skurubu yote. Hapo ndio sasa tunagusa skurubu, na kwa mpangilio. Injini iwe imepata moto kamili, choki imefunguka, taa na feni za ndani zimezimwa. Taimingi kwanza, kwa taa ya taimingi, mpira wa vakyumu umechomolewa na kuzibwa, fuata digrii zilizoandikwa kwenye stika chini ya boneti au kwenye kitabu cha gari. Halafu rudisha mpira, kaza skurubu ya sailensi mpaka injini ikae kwenye 750 hivi. Kisha ile skurubu ya mchanganyiko, ile yenye springi iliyoko chini kwenye kitako. Hii ni laini sana, ukiikaza ndani iguse tu, ukiikaza kwa nguvu ncha yake inapata mkunjo na haitashika tena milele. Kutoka pale ilipogusa irudishe nje mizunguko miwili na nusu iwe mahali pa kuanzia. Sasa izungushe taratibu ndani na nje utafute pale resi inapokuwa juu kabisa na laini, kisha rudi kwenye skurubu ya sailensi ushushe hadi 750, halafu mchanganyiko tena, mara mbili tatu hivyo, mpaka uone hakuna cha kuongeza.

Ukiizungusha ile ya mchanganyiko na injini haijali kabisa, hata ukiifunga yote haizimi, simama. Maana yake bado kuna hewa inaingia au batafulai bado iko wazi mno, injini inanyonya mafuta kwenye vijitundu vya juu na sio kwenye njia ya sailensi. Na kinyume chake, kama injini haikubali kukaa 750 mpaka uipandishe 1300 ndio inaishi, tazama ile solenoidi ndogo yenye waya iliyoko kwenye kabureta, inafungua mafuta ya sailensi ukiwasha swichi. Fungua swichi bila kupiga stata, chomoa waya uchomeke, utasikia inapiga "tik". Isipopiga hakuna umeme au imekufa. Ikipiga na bado, jeti ya sailensi imeziba, itolewe ipulizwe kwa upepo, isichokonolewe kwa waya maana ukilipanua tundu lake umeshaharibu kipimo. Nimeona gari nyingi sana zinatembea na sailensi ya juu kwa sababu hii tu, fundi alishindwa kuifanya iishi chini akaipandisha akalipwa akaondoka.

Jambo la mwisho kwa sababu uko Tanga. Ukiiweka sawa pale usawa wa bahari, siku ukipanda nayo Lushoto, mita kama 1400 juu, hewa ya kule ni nyepesi na mafuta yatakuwa mengi kidogo kwa hewa iliyopo, sailensi itapungua na kuwa nzito. Hiyo ni kawaida ya kabureta, usiruhusu mtu wa kule aifungue aanze upya, ukishuka itarudi.

Wewe anza Jumamosi asubuhi injini ikiwa baridi, kaza zile nati nne za kitako kabla ya kitu chochote maana ni dakika kumi tu, kisha iwashe ipate moto ufanye ule mtihani wa ubao. Niandikie ukiziba ilizima au iliendelea, na skurubu ya mchanganyiko ilikuwa mizunguko mingapi kabla hujaigusa, nitakuambia uelekee wapi.